Koti la Nusu Bei

Mama yangu, Tak Mal-sun, anashona majina ya watu
asioweza kuyatamka.
Miaka thelathini na nane, cherehani ileile,
mkabala na Lango la Pili,
pale barabara inapopinda kuikwepa kambi
kama maji yanavyolikwepa jiwe.
Herufi moja moja, kwa uzi mweusi:
Kowalczyk. Oyelaran. Stubblefield.
Akimaliza anaukata uzi kwa meno.
Jina moja, won elfu tatu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
na kweli tulipona.
Karo yangu ilitoka mabegani mwa wanajeshi,
na mchele, na jiko la gesi, na jino la dhahabu la bibi.
Helikopta ikipita sahani hutetema kabatini,
nasi hunyamaza katikati ya neno,
kisha tukaendelea na neno lilelile.
Hata ugomvi tumeufundisha kusubiri.

Usiku huu kwenye runinga mawaziri wawili
wanapeana mikono mbele ya bendera mbili,
wakitabasamu kama wanandoa waliotoka kuzozana chumbani.
Wanagawana gharama:
nani alipie paa, nani mafuta,
nani alipie mpishi anayemenya viazi vya jeshi.
Mmoja anasema, Tunawalinda, lipeni.
Wa pili anasema, Tumewapa ardhi, tumewapa anga,
tumenunua ndege zenu kwa bei mliyoitaja wenyewe;
hiyo haina uzito?
Mimi nimesomea uhasibu.
Mizani haidanganyi. Hudanganya mwenye mawe ya kupimia.

Mpishi anayemenya viazi ni baba,
Ok Bong-gil, jikoni mwa kambi tangu hajaota mvi.
Jumatatu alipewa barua ya lugha mbili:
likizo bila malipo hadi wakubwa waelewane.
Akaiweka chini ya bakuli la kimchi,
akaanza kumenya viazi vyetu,
vinane, kumi na viwili, ishirini,
hadi mama akamwambia, Basi, tuko watatu tu.

Nikamuuliza, Kwani mshahara wako analipa nani?
Akafikiri, kisu hewani.
Wao. Hapana, sisi.
Kodi ya mama yako inakwenda Seoul,
inaingia kambini, inanirudia mimi,
ikifika hapa nyumbani imechoka.
Akacheka. Mama hakucheka.

Nyuma ya mlango limening'inia koti
la hariri nyekundu, joka mgongoni.
Koplo Faleafa alililipia nusu
mwaka niliozaliwa, nusu nyingine akaahidi Ijumaa.
Alhamisi kikosi chake kikahamishwa.
Wateja wamelitamani; mama hujibu, Lina mwenyewe.
Nikimuuliza mwenyewe ni nani,
aliyelipa nusu au aliyeshona lote,
huniambia nikahesabu vifungo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Lakini huyu alikuja na bunduki,
na jirani wa kaskazini ana makombora,
na anayejikinga mvua kwa mwavuli wa mtu
hachagui njia ya kupita.
Siwezi kusema aondoke.
Mtaa wa chini, walipohamia kusini,
kinyozi, muuza kuku, mwenye rehani,
wote wameshusha milango ya chuma,
paka wanazalia ndani ya baa.
Siwezi kusema abaki.
Daftari langu lina safu mbili, ya kuingia na ya kutoka,
halina safu ya sahani zinazotetema.

Saa saba usiku gesi ilipungua.
Baba alikuwa amesinzia sakafuni, mikono
bado inanuka maganda.
Mama akalitungua koti mlangoni,
akalikung'uta vumbi,
akamfunika nalo, joka juu.
Halikumtosha mabega.
"La kuazima," akasema, kana kwamba kuna aliyeuliza,
akarudi kwenye cherehani
kumalizia jina la kesho.